Kokwa Arobaini na Tatu

...au niliivuta, Mektilda alipobisha hodi nami nikainuka kumfungulia, niliivuta ile punje ya tasbihi au sikuivuta, Ya Latifu, Ya Latifu, kokwa zote za tende zilikuwa zimeshahamia kushoto, hilo nina hakika nalo, ya mwisho ilikuwa ile nyeusi yenye ufa, niliisukuma kwa kidole na hodi ikapigwa papo hapo, lakini punje, mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye tasbihi au ulikuwa kwenye mtandio najifunika, Ya Latifu, na niliporudi nikaketi tu, nikazikumba kokwa kwa kiganja kuzirejesha kulia, nikaanza mzunguko mpya kama mtu anayejua anachofanya, na sasa nimo katikati na midomo inakwenda yenyewe, nikiacha hivi hivi huenda nikazidisha arobaini na tatu, nikivuta punje sasa kufidia huenda nikapunguza arobaini na tatu, na mama mkwe wangu Bi Mauza alishasema mbele ya wote kabla hatujaanza, idadi ni meno ya ufunguo, wanangu, jino likipungua mlango haufunguki, na likizidi vilevile, someni kwa hesabu... ameketi mbele yangu, ng'ambo ya mkeka, ushungi mweupe, macho ameyafumba, na kati yetu simu yangu imelazwa chali, kioo cheusi, haijalia. Shemeji yangu Khalil ndiye aliye hospitali, alisema atapiga daktari akitoka tu, akishatoka chumba cha upasuaji, akishaitoa damu iliyovilia kichwani mwa Basil, mume wangu Basil, aliyepanda ngazi jana dukani kwake Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe, kumshushia mteja jora la pazia, ngazi aliyoipanda tangu ujana wake, na jora likateleza akalifuata, kisogo kikapiga ukingo wa saruji, na mteja, ndivyo Khalil alivyosema, mteja alisimama pale ameshika sampuli ya kitambaa mkononi hajui aiweke wapi. Ya Latifu. Naogopa. Ya Latifu.

Na hesabu nimeigawa mimi mwenyewe, ndicho kinachonichoma. Mwalimu wa hisabati si tunaye humu ndani, alisema Bi Mauza, tugawie, Khairu, nami nikafurahi kupewa kazi ya kichwa, maana tangu jana kila mtu ananipa kazi ya kukaa, kaa mwanangu, kunywa chai, jinyooshe kidogo, hospitali hawataki watu wengi, na mimi nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi... Latifu, kwa hesabu ya herufi za Kiarabu, lamu thelathini, twaa tisa, yaa kumi, faa themanini, jumla mia moja ishirini na tisa, na jina hili la Mungu mtu akifikwa na zito husomwa kwa namba yake mara namba yake, mia moja ishirini na tisa mara mia moja ishirini na tisa, elfu kumi na sita mia sita arobaini na moja, ndivyo alivyosoma mama yake Bi Mauza, ndivyo walivyosoma Basil alipozaliwa akitanguliza miguu, na akatoka mzima, kwa hiyo ushahidi upo, anasema mwenyewe. Tulikuwa wanane. Nikaigawa kwa nane kichwani, ikabaki moja, na nilijua itabaki moja kabla sijagawa, maana namba witiri yoyote ukiizidisha kwa yenyewe kisha ukaigawa kwa nane hubaki moja, siku zote, haijapata kuwa vinginevyo, na Bi Mauza akasema hiyo moja nitaisoma mimi, mimi ndiye mama yake, na hapo Siwema jirani yetu wa chini akaingia anahema, jamani lifti imekufa tena, mtatuua na hizi ngazi, akaona nyuso zetu, akajiziba mdomo. Tukawa tisa. Tisa inaingia bila baki, jumlisha tarakimu zake uone, moja na sita na sita na nne na moja, kumi na nane, inaingia, kila mmoja elfu moja mia nane arobaini na tisa, ambayo nayo ni arobaini na tatu mara arobaini na tatu, na Bi Mauza akasema mmeona, mmeona, kaletwa huyu, na Siwema akalia. Likafunguliwa kopo la maziwa la kokwa za tende, kokwa za futari za Ramadhani zote alizofunga Bi Mauza katika nyumba hii, zimeoshwa kwa majivu zikaanikwa juani mpaka zimekuwa laini kwa kushikwa, tukahesabiana arobaini na tatu kila mtu, unasoma unasukuma moja kutoka kulia kwenda kushoto, zikiisha unavuta punje moja ya tasbihi, punje zikitimia arobaini na tatu fungu lako limekwisha. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Ningekuwa na akili ningesema tuzihamishe kwenda na kurudi, mzunguko mmoja kushoto mwingine kulia, hapo ningetazama tu kokwa ziko upande gani na punje ni shufwa au witiri, na kosa langu ningelijua papo hapo, lakini Mama alisema kulia kwenda kushoto, ndivyo alivyofundishwa, na nani atabishana na mama ambaye mwanawe yuko chini ya kisu.

Ya Latifu, Ya Latifu... na chini barabarani spika ya mmachinga haichoki, mbili mbili, mbili mbili, chagua mwenyewe mbili mbili, sauti iliyorekodiwa, mwenyewe labda ameketi pembeni anakula embe, na wapagazi wanapiga mluzi, mzigo huo, pisha mzigo, Mchafukoge yote inaendelea na shughuli zake, hakuna aliyeambiwa, na mbili mbili inapanda dirishani inaingia katika hesabu yangu, Ya Latifu, hii ni ya ishirini na mbili au ya ishirini na tatu, mbili, tulia Khairu. Mektilda ameketi kwenye kiti karibu na mlango, mwalimu mwenzangu, yeye anafundisha Kiswahili darasa la tano, amekuja na mfuko wa machungwa ambao bado ameupakata kwa kukosa mahali pa kuuweka. Shikamoo Mama, alimwamkia Bi Mauza, marahaba mwanangu, karibu, keti, kisha akaniinamia, kuna habari yoyote, bado, pole dada, pole, na sasa ametoa rozari yake mkobani anaizungusha polepole chini ya mfuko wa machungwa, anaificha kwa adabu, na hakuna aliyemwambia aifiche. Tumekuwa kumi. Kumi kila mmoja elfu moja mia sita sitini na nne, baki moja. Acha kugawa. Siwezi kuacha. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi maji yangu ni haya na kutapatapa kwangu ni kugawa, wenzangu wanamwomba Mungu, mimi natafuta vigawo... nilijua tangu tulipoanza kwamba namba hii ina vigawo tisa tu, hazizidi namba tisa zinazoweza kuigawa isibaki kitu, na sikumwambia Bi Mauza maana angesema mmeona, tisa na tisa, na mimi najua si chochote, ni tatu mbili na arobaini na tatu mbili zimezidishwa, basi, arobaini na tatu ni namba tasa, huivunji, tatu huivunji, namba nzima imejengwa kwa vitu viwili visivyovunjika, kila kimoja mara mbili, na hii ni namba isiyojua kwamba inasomwa. Nilimwuliza daktari jana usiku, nafasi yake ni kiasi gani, akasema mama, sisi hatuendi kwa namba. Mimi naenda kwa namba. Sina kingine.

Vigawo hutembea wawili wawili, hilo nalifundisha kila mwaka, naandika ubaoni na watoto wanapenda, kila kigawo kina mwenzake, moja na elfu kumi na sita mia sita arobaini na moja, tatu na elfu tano mia tano arobaini na saba, tisa na elfu moja mia nane arobaini na tisa, arobaini na tatu na mia tatu themanini na saba, shika mwenzako mkono, nawaambia, na watoto wanashikana mikono, na namba zote huisha hivyo, wawili wawili, isipokuwa namba mraba, namba iliyozidishwa kwa yenyewe, hiyo wakishashikana wote anabaki mmoja katikati amesimama na mikono yake, mia moja ishirini na tisa, ambaye mwenzake ni yeye mwenyewe... sitaki. Ya Latifu. Sitaki hesabu hii. Nibaki mmoja katika nyumba hii na mapazia yake, mapazia yote haya ni yake, kila Idi anakuja na jora begani ananibadilishia, ya mwaka huu ni ya kijani na sikuyapenda, nikamwambia yanaifanya sebule kama zahanati, akacheka akasema basi Mwalimu, vumilia mpaka Idi nyingine, na nani atayashusha, nani atapanda ngazi ayashushe, mikono yangu haifiki. Ya Latifu, Ya Latifu, ya ngapi hii, kokwa zinaniambia lakini punje hazisemi kitu.

Jioni alikuwa anatoka na kikombe chake roshani, anaegemea chuma, anasoma namba za magari yanayokwama pale chini, mia sita arobaini na moja, Mwalimu, hiyo je, na mimi kutoka jikoni, tasa hiyo, haigawiki, ah masikini, anasema, imekaa peke yake kwenye foleni, na mia moja sitini na tisa, hiyo kumi na tatu mara kumi na tatu, ah hiyo tajiri, kila siku hivyo, hajui hisabati hata ya kumtosha dukani, anapima mapazia kwa mkono, kuanzia puani mpaka ncha ya kidole, na hakosei. Siku moja aliniuliza, hivi unazipendea nini, nikasema kwa sababu hazibadiliki, saba niliyoikuta shuleni ndiyo saba ya leo, akasema mimi ndiyo zinanitisha kwa hilo, Khairu, nikifa mimi saba itakuwa saba tu. Nilimpiga na kitambaa cha vyombo. Na siku nyingine nikamsimulia kisa cha darasani, mtoto mmoja wa kike, Swaumu, mdomo wake haukai, aliuliza mwalimu, namba kubwa kuliko zote ni ipi, nikamwambia taja wewe unayoijua, akataja milioni milioni milioni mpaka pumzi ikamwishia, nikamwambia jumlisha moja, darasa zima likacheka, naye akakasirika kweli, akasema basi mchezo huu haushindiki, na Basil aliposikia alipiga paja, akasema huyo mtoto kageuza, Mwalimu, huo mchezo haushindwi, anayejumlisha moja hashindwi na mtu... Wamemnyoa nywele. Khalil aliniambia kwa simu asubuhi, kaingizwa, wamemnyoa nywele zote, wamenipa saa yake na pete, alisema, niziweke wapi, na nilitaka kumwambia mvishe mwenyewe, mrudishie, nikasema weka mfukoni Khalil, weka mfukoni.

Nimemaliza fungu langu, anasema Siwema kwa sauti ya chini, na kokwa zake zinalia anapozikusanya. Na mimi, anasema yule shangazi yake Basil pembeni, alhamdulillahi. Wanamaliza mmoja mmoja, nasikia kokwa zikiingia kopo, kila fungu linalofungwa namba iliyobaki inapungua, yamekwisha mafungu matatu, manne, na mimi fungu langu lina ugonjwa katikati yake na hakuna anayejua, huenda ninazidisha arobaini na tatu, huenda sizidishi, na mlango ukikataa itakuwa ni mkono wangu, mkwe waliyemsifu kwa hesabu, nifumbue kinywa niseme, Mama, nimepoteza, tuanze upya... tuanze upya na nini, na muda gani, daktari anasubiri wanawake wa Mchafukoge wamalize kuhesabu kokwa? Mungu si Athumani, Siwema ananong'ona, ananishika goti, litapita hili shoga, Mungu si Athumani, na mkono wake una joto na harufu ya udi, nami nataka kulia lakini nikilia nitapoteza hata hii ninayoijua, Ya Latifu, thelathini na moja, Ya Latifu, thelathini na mbili.

Nafumbua macho nimtazame Bi Mauza, nikitaka kumwambia. Tasbihi yake karibu imefika, imebaki punje moja tu kabla ya alama ya kitambaa chekundu aliyoifunga, yuko mzunguko wa mwisho, kokwa zake karibu zote zimelala kushoto, kulia zimebaki nne. Ya Latifu, midomo yake, anasukuma moja, zimebaki tatu. Na kidole chake kidogo, kile kilichopinda kwa baridi yabisi, kinaingia kushoto, kinachukua moja, kinairudisha kulia. Nne. Nimeona vibaya, macho yamechoka. Ya Latifu, anasukuma moja, tatu. Kidole kidogo. Nne. Ni uzee, nafikiri, mikono inamtetemeka, anakosea masikini, nimwambie, Mama, unazirudisha, na mwalimu aliye ndani yangu ameshafungua kinywa, maana hivi namba haitatimia, nne, tatu, nne, tatu, hata akikaa hapo mpaka Kiama haitatimia, na ndipo nauona uso wake, macho amefumba lakini amefumba kwa nguvu, kope zinacheza, na mkono hautetemeki hata kidogo. Mkono unajua. Huyu ndiye aliyetuambia meno ya ufunguo. Huyu ana ufunguo kamili mkononi, meno yote arobaini na tatu mara arobaini na tatu, na hataki kuutia kwenye kitasa, anaogopa kilicho nyuma ya mlango, kwa sababu namba ikitimia hakuna tena cha kumfanyia mwanawe, itabaki simu, itabaki kukaa, lakini maadamu kokwa nne ziko kulia Basil yuko mezani anapumua na mama yake yumo kazini. Mama, wewe bado, anauliza Siwema. Bado mwanangu, bado kidogo. Nikusanye hizi za kushoto nikusaidie? Ziache.

Ya Latifu, thelathini na tisa, Ya Latifu, arobaini, na punje, ile punje, nasikia inaniachia, sijui kama niliivuta na sitajua kamwe, na haijalishi, hakuna mlango uliokuwa unasubiri punje yangu, mimi na mama yake tumekaa ng'ambo na ng'ambo ya mkeka hatuwezi kitu, hatuwezi kitu chochote, yeye alijua kabla yangu, labda alijua tangu anafungua kopo, labda na mama yake alijua, na walihesabu hivyo hivyo, Basil alipozaliwa akitanguliza miguu, kulia kwenda kushoto na kidole kidogo kikirudisha, mpaka mtoto alipolia. Anafumbua macho. Ananikuta namtazama mkono. Ananitazama kama siku ile aliyonikabidhi Basil, kwa ukali, na macho yamejaa, na kidole chake kidogo kimesimama juu ya kokwa kinangoja niseme. Mektilda anazungusha rozari yake, chini wanasema mbili mbili, simu imelala chali na kioo chake cheusi kinaonyesha kipande cha pazia la kijani. Kulia kwangu imebaki moja, ile nyeusi yenye ufa. Jumlisha moja, Basil. Naisukuma kushoto, Ya Latifu, arobaini na tatu, naitazama, kisha naishika kwa kidole kidogo, taratibu, mama yake anaona, nairudisha kulia.